Kabla Hujatoka Candlekeep: Mwongozo Kamili wa Kuamua Utakavyocheza Baldur's Gate

Tangu gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate ya tatu ilipotoka Agosti 2023, watu wa aina mbili wamekuwa wakiniuliza swali moja. Wa kwanza wameimaliza ya tatu na sasa wanataka kujua ilikoanzia. Wa pili wana laptop ya mtumba isiyo na kadi ya michoro, wamesoma kwamba ya tatu inadai nafasi ya GB 150, wakashusha pumzi. Wote wanauliza: ile ya zamani inachezwaje?

Inachezwa vizuri tu, hata kwenye mashine dhaifu. Kazi iko kabla ya kuanza. Gemu hii ya kwanza ilitoka Desemba 1998, ikiwa imetengenezwa na BioWare ya Edmonton, Kanada, na kusambazwa na Interplay. Tangu hapo imeongezewa sura, ikafanyiwa ukarabati, ikaunganishwa na mwendelezo wake na kubandikwa viraka vya kila namna na mashabiki. Anayeingia leo hukuta milango mingi, na mingine ukishaipita hairudiki.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kuangalia kipi kinaweza kubadilishwa baadaye na kipi hakiwezi. Toleo, modi za mashabiki, na aina ya mhusika wako vinakufunga. Kiwango cha ugumu, watu wa kundi lako na namna ya kusimamisha pambano unaweza kuvibadilisha hata katikati ya safari. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanakesha wakijiuliza waweke ugumu gani, jambo linalobadilishwa kwa kubonyeza mara mbili, halafu mhusika wanamtengeneza kwa dakika tatu.

Hatua ya kwanza: toleo

Kuna lile la asili la 1998, pamoja na nyongeza yake ya 1999, Tales of the Sword Coast. Na kuna toleo lililokarabatiwa na kampuni ya Beamdog, Baldur's Gate: Enhanced Edition, la Novemba 2012. Nitaliita toleo jipya, ingawa nalo limeanza kuota mvi.

La asili lilikuja kwenye diski tano, na picha yake ilikuwa na upana wa nukta 640 kwa kimo cha 480. Mimi nilianzia hapo, kwa nakala ya kuchoma niliyouziwa kwenye kibanda kimoja mjini. Diski zilikuwa nne. Nilicheza siku kadhaa kwa raha zangu hadi gemu ilipoomba diski ya tano, nikabaki nimeitumbulia macho skrini. Sikuijua nusu ya pili ya hadithi hadi miaka mingi baadaye.

Toleo jipya linakaa vizuri kwenye skrini pana, unaweza kuvuta picha karibu au kuisogeza mbali, na nyongeza ya 1999 imo ndani tayari. Limeleta pia aina za wahusika ambazo awali zilikuwa kwenye gemu ya pili pekee. Kuna wenzi wapya wa safari, wakiwemo Neera, Dorn na Rasaad, ambao uandishi wao unatofautiana na wa wale wa zamani kiasi kwamba sikio lililozoea litausikia. Na sinema fupi za kompyuta za 1998 zimeondolewa, mahali pake kukawekwa michoro ya mkono. Wapo wazee wa gemu hii ambao hawajasamehe hilo mpaka leo.

Ushauri wangu: kama hujawahi kuicheza, chukua toleo jipya. La asili ni kwa mtu mwenye kumbukumbu nalo au anayependa kuchezea mitambo. Kwa huyo wa pili kuna programu huria iitwayo GemRB, inayoendesha faili za gemu ya asili kwenye mifumo ya kisasa, Linux ikiwemo. Utahitaji faili zenyewe, kwani GemRB ni injini tu.

Ukinunua, bei ya kawaida ya toleo jipya kwenye kompyuta ni dola 20 hivi, na hupunguzwa mara nyingi kwa mwaka, kwa hiyo usiwe na haraka. Duka la GOG lina faida moja inayotuhusu sana sisi tunaohesabu bando. Faili ya kusakinisha haina kufuli, hivyo unaishusha mara moja mahali penye intaneti nzuri, unaiweka kwenye flashi, na inabaki yako.

Hatua ya pili: kifaa

Hapa sitakaa sana. Kompyuta yoyote inayofungua kivinjari bila kulalamika itaiendesha. Ipo ya iPad na ya Android pia. Kwenye tableti inachezeka, tena kwa raha, umejilaza. Kwenye simu ya kawaida maandishi ni madogo mno, na gemu hii ni maandishi kuliko kitu kingine chochote. Watu wanazungumza, vitabu vinasomwa, shajara inajaa. Hakuna tafsiri rasmi ya Kiswahili, hivyo utakuwa unasoma Kiingereza kwa saa nyingi. Jambo zuri ni kwamba mazungumzo hayana saa ya kukukimbiza. Ukitaka kufungua kamusi, adui wako atasubiri kwa adabu.

Hatua ya tatu: modi, au kuziacha

Modi ni maongezo yanayotengenezwa na mashabiki. Gemu hii inazo nyingi kupita kiasi, na nyingi husakinishwa kwa programu iitwayo WeiDU. Kuna inayowafanya maadui wapigane kwa akili, Sword Coast Stratagems. Kuna BG1 NPC Project, inayowapa wenzako maneno zaidi ya kusema, kwa sababu katika gemu ya kwanza wengi wao wakishajiunga huwa karibu mabubu. Na kuna kubwa kuliko zote, EET, inayounganisha gemu ya kwanza na ya pili za toleo jipya kuwa safari moja isiyokatika. Hiyo inataka uwe na gemu zote mbili.

Kanuni ni moja, nami niliijua kwa machozi: modi husakinishwa kabla ya kuanza safari. Mwaka mmoja nilikuwa na safari ya saa thelathini na kitu. Nikasoma mahali kuhusu modi ya silaha, nikaiongeza, na kila nilipofungua faili yangu gemu ilikuwa inakufa kwenye daraja lilelile. Mpangilio nao ni muhimu, maana modi moja huandika juu ya nyingine. Soma maelezo ya kila moja kuhusu ipi itangulie. Ukiwa na nyongeza ya Siege of Dragonspear ya 2016, faili zake hufungashwa kwa namna ambayo WeiDU haizioni katika matoleo ya maduka ya Steam na GOG. Unahitaji kwanza kuziunganisha na gemu kwa kifaa kiitwacho DLC Merger. Watu hupoteza jioni nzima hapo wakidhani kompyuta yao ni mbovu.

Kwa safari ya kwanza: usiweke modi yoyote. Maadui wa kawaida watakutosha. Ukitaka moja tu, iwe BG1 NPC Project, kwa sababu inaongeza utu na haigusi vita.

Hatua ya nne: mhusika wako

Hapa ndipo pa kukaa. Chemsha chai.

Kwanza elewa jambo ambalo gemu haikuambii kwa sauti. Mwenzako akifa, utambeba hadi hekaluni na kumlipia afufuliwe. Wewe ukifa, safari imeisha, unarudi kwenye faili ya mwisho uliyosevu. Basi uhai wako wa mwanzo si suala dogo. Mpiganaji mwenye kiwango cha 18 katika Constitution, yaani ustahimilivu wa mwili, anaanza na pointi 14 za uhai. Mchawi mwenye 16 anaanza na 6. Mbwa mwitu mmoja mwenye bahati anamaliza hadithi ya mchawi huyo kabla hajakumbuka jina la baba yake mlezi.

(Neno mchawi nalitumia kwa kukosa jingine. Huyu ni msomi anayebeba kitabu chake na kukariri kila asubuhi, hana uhusiano na mambo ya usiku tunayotishiana nyumbani.)

Pili, sheria zake ni za toleo la pili la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambamo namba nyingine hupungua zinapokuwa bora. Wanaotoka kwenye gemu ya tatu ndio wanaojikwaa zaidi. Kuna THAC0, uwezo wako wa kulenga, na kuna kinga ya adui. Chukua THAC0 yako, toa kinga yake, na hiyo ndiyo namba ambayo dadu la pande ishirini linapaswa kuifikia. Mgeni ana THAC0 20. Adui mwenye kinga 5 unampata kwa 15 kwenda juu, yaani mara sita kati ya ishirini. Sasa geuza: ukivaa deraya ya bamba, kinga yako inakuwa 3, na adui wa kiwango chako anahitaji 17 kwenda juu, mara nne kati ya ishirini. Ndiyo maana utakuwa unarusha panga na kukosa, unakosa tena, halafu unakosa. Ndivyo ilivyo kwa saa za mwanzo, na ndiyo maana upinde ni silaha ya thamani hapa: upinde mrefu unarusha mishale miwili kwa zamu moja, na mwenye nao yuko mbali na meno.

Tatu, angalia nani atakuwepo hata usipomtafuta. Imoen, rafiki yako wa utotoni, anajitokeza asubuhi ya kwanza kabisa, naye ni mwizi. Anafungua kufuli, anategua mitego, anatumia upinde. Kwa hiyo huna haja ya wewe kuwa mwizi. Hilo ni kosa ambalo huwagharimu wengi, wanajikuta na wezi wawili na hakuna wa kusimama mbele.

Baada ya hayo matatu, uchaguzi unakuwa mwepesi. Kwa mgeni napendekeza mpiganaji, na katika toleo jipya, mpiganaji wa tawi la Berserker. Akipandwa na hasira hatishiki, harogwi wala hagandishwi, na hayo ndiyo mambo matatu yanayoua makundi mengi. Kabila la mbilikimo, dwarf, linamfaa sana, kwa sababu mbilikimo wana ukinzani wa asili dhidi ya uchawi na sumu. Kama moyo wako unataka kusimulia na kuzungumza kuliko kupigana, paladini, yaani askari mtakatifu, mwenye haiba kubwa atapata bei nafuu madukani na majibu mazuri midomoni mwa watu. Malenga, yaani "Bard", anavutia kwa jina, na mimi kama Mswahili nilimchagua kwa mapenzi. Katika gemu ya kwanza hafanyi kitu chochote kwa ubora. Mpende, lakini mwache kwa safari ya pili.

Mchawi je? Anaanza dhaifu, anamalizia akiwa mfalme. Ila hiyo tamati iko gemu ya pili. Katika ya kwanza pointi za uzoefu zina kikomo, 161,000 pamoja na nyongeza ya 1999, na hapo mpiganaji anafikia ngazi ya 8 na mchawi ya 9. Ukijua tangu sasa kwamba utaendelea hadi gemu ya pili ya 2000 na nyongeza yake ya 2001, ambapo kikomo kinafika 8,000,000, basi subira ya mchawi inalipa. Mhusika wako anahama nawe hadi huko. Ukijua utacheza ya kwanza pekee, usijitese.

Kuhusu kuchanganya kazi mbili, yaani aina mbili za mhusika: mwenye damu ya elf, kabila la masikio marefu, au mbilikimo anaweza kuzifanya kwa pamoja, kwa gharama ya kugawa uzoefu wake nusu kwa nusu. Binadamu hawezi hilo, ila anaweza kuacha kazi moja na kuanza nyingine, na ujuzi wa zamani unalala hadi ngazi mpya iipite ya kale. Ni njia yenye nguvu kwa anayeijua, na ni shimo kwa asiyeijua.

Mwisho, pointi za sifa. Gemu inarusha dadu nawe unaweza kubonyeza "Reroll" utakavyo, kuweka matokeo mazuri kwa "Store" na kuyarudisha kwa "Recall". Wapo wanaobonyeza kwa saa mbili wakitafuta jumla ya 95. Mimi nasimama nikiona 85 kwenda juu. Mpiganaji apewe nguvu, wepesi na ustahimilivu. Busara na akili zake ziwe za wastani. Kuanzia 16 katika wepesi ndipo kinga yako inapoguswa vya kutosha, hivyo usiuache chini ya hapo hata kwa mchawi.

Hatua ya tano: ugumu na kusimama

Hapa cheza kama upendavyo, maana hakuna kinachokufunga. Toleo jipya lina "Story Mode" kwa anayetaka hadithi bila kufa, kisha "Easy", "Normal", "Core Rules" inayofuata kitabu cha sheria, na juu yake ngazi ambazo adui huongezewa makali. Anza na "Normal". Ukiona pambano moja limekukaba koo, shusha, pita, pandisha. Hakuna anayekuangalia. Kuna ujanja wa zamani pia: shusha hadi "Easy" kabla mchawi wako hajanakili hati ya uchawi kitabuni mwake, ili asikosee na hati ikapotea.

Lenye uzito zaidi ni kitufe cha nafasi, kile kirefu cha chini. Pambano linakwenda lenyewe kwa wakati halisi, na ukibonyeza hapo kila kitu kinaganda. Unawapa watu wote maagizo, unabonyeza tena. Anayecheza bila kusimamisha ataiona gemu hii kama ugomvi wa kuku. Nenda kwenye mipangilio ya "Auto-Pause" uwashe tatu tu: adui anapoonekana, mhusika anapodhoofika sana, na mtego unapogunduliwa. Ukiwasha zote itakwama kila sekunde.

Hatua ya sita: kundi

Nafasi ni sita pamoja na wewe, na wanaoweza kujiunga katika gemu ya asili ni 25. Unahitaji wawili wa mbele wenye deraya, mmoja wa kuponya, mwizi, na angalau mchawi mmoja. Zaidi ya hapo fuata moyo, ukikumbuka kwamba hawa watu wana tabia. Khalid na Jaheira ni mume na mke. Ukimfukuza mmoja, wote wanaondoka. Xzar na Montaron, utakaokutana nao barabarani mapema, ni waovu, na ukiwaweka pamoja na wale wanandoa siku moja panga zitatoka. Minsc anataka mwenzake, mchawi Dynaheir, aokolewe, Edwin anataka Dynaheir afe. Chagua upande. Sifa yako mjini inahesabiwa pia, kutoka 1 hadi 20: ikipanda sana waovu wananung'unika na kuondoka, ikishuka wema wanakukimbia.

Njia mbili nyingine zipo kwa safari za baadaye. Ukifungua mchezo wa wachezaji wengi ukiwa peke yako unaweza kuwatengeneza wote sita kwa mkono wako, ila utapoteza soga za njiani. Au unakwenda peke yako kabisa, na uzoefu wote wa kuua unakuwa wako, unapanda ngazi haraka kuliko kundi.

Hatua ya saba: saa mbili za kwanza

Ndani ya Candlekeep, ngome unapoanzia safari, fanya kazi zote ndogo, hata ile ya kuua panya ghalani. Zinakupa pesa ya deraya ya kwanza. Jifunze kitufe cha Q cha kusevu haraka, na uwe na faili nyingine mbili au tatu zenye majina, kwa sababu ile ya haraka hujiandika juu ya yenyewe, na umeme ukikatika wakati inaandika hutaipata.

Ukitoka, baki barabarani uelekee kaskazini, Friendly Arm Inn. Usiingie misituni kwa udadisi. Kabla ya kupanda ngazi za nyumba hiyo ya wageni, sevu. Pale juu yupo mtu anayeitwa Tarnesh, anakuuliza jina lako kwa upole, naye ni mchawi aliyelipwa akuue. Ameua wachezaji wengi kuliko joka lolote. Mpige mishale akiwa anaanza kusoma maneno yake, maana jeraha humkatiza. Walinzi wa pale wakiwa karibu watakusaidia.

Ukishawachukua Khalid na Jaheira ndani, shuka kusini kupitia Beregost hadi Nashkel. Njiani upanga wako wa kawaida unaweza kuvunjika mikononi. Si hitilafu. Chuma cha nchi nzima kimeharibika na hiyo ndiyo kesi unayokwenda kuichunguza, kwa hiyo beba silaha ya akiba. Mchawi yeyote uliye naye akariri uchawi wa kulaza usingizi, "Sleep", kuliko mwingine wowote. Katika ngazi hizi za chini unalaza kundi zima la maadui wadogo, ila elf mara nyingi hawalali, na wafu hawalali kabisa.

Ingia mgodi wa Nashkel ukiwa na watu wasiopungua wanne na ngazi ya pili au ya tatu. Ukitoka upande wa pili na bado unamchukia mhusika wako, anza upya hapo. Utakuwa umepoteza jioni mbili tatu, na mara hii Candlekeep itakuchukua dakika ishirini.